Kiti cha Makasia

Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la ghala la barafu, utamwona mwanamke mfupi mwenye mabega mapana akishuka kwenda ziwani na makasia mawili begani. Hayabebi kama mzigo. Anayabeba kama mtu mwingine anavyobeba mwavuli siku ambayo huenda ikanyesha. Watu wa ufukoni wanamwita Mama Mwendo. Hana mtoto anayeitwa Mwendo. Binti yake wa pekee ni fundi cherehani na ana jina zuri tu alilopewa na bibi yake, lakini tangu mama huyu aliposhika makasia hakuna anayelikumbuka jina hilo wakati wa kumwita.

Mumewe wanamwita Nahodha. Hilo ni la utani, maana chombo chenyewe ni boti ya mbao inayotosha watu wawili, ndoo moja na kopo la kuchotea maji, na anayeiendesha ni mkewe.

Wavuvi wengi wa ziwa lile hutega nyavu jioni na kuzifuata alfajiri. Hawa wawili hukokota. Kukokota ni kuvua huku boti inatembea: mshipi mrefu wa nailoni unaachwa ufuate nyuma, na mwisho wake kuna samaki wa uongo, kipande cha chuma kinachong'aa ambacho kikivutwa vizuri hucheza majini kama kisamaki kilichojeruhiwa. Samaki mkubwa, wa wale wanaokula wenzao, anakiona, anadhani amepata mlo wa bure, anakidaka. Kueleza ni rahisi hivyo. Kazi yenyewe inategemea mwendo. Boti ikienda haraka mno, kile chuma kinazunguka kama feni, mshipi unajisokota, na samaki hata hageuzi kichwa. Ikienda polepole mno, kinaning'inia kama jani lililolowa. Katikati ya hapo upo mwendo mmoja, kama wa mtu anayetoka sokoni na kapu zito lakini nyumbani hakuna anayemngoja. Mwendo huo uko mikononi mwa Mama Mwendo, na ndiyo asili ya jina lake.

Hakuzaliwa karibu na maji. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na utotoni kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya gurudumu lililopinduliwa, kulizungusha, na kumwambia baba ni wapi limepinda. Alilijua kwa sikio. Gurudumu lililonyooka lina mlio mmoja tangu mwanzo hadi linaposimama. Alipoolewa, mumewe alikuwa akivua na kaka yake, kaka akipiga makasia. Siku kaka alipopata kazi ya kuendesha lori akaondoka, boti ikalala juu ya mchanga, na Nahodha akawa mtu wa kukaa barazani akinoa ndoana ambazo tayari zilikuwa kali.

"Nipe hayo makasia," mkewe akamwambia.

"Uyafanyie nini? Kuni?"

Siku ya kwanza boti ilizunguka pale pale mbele ya watu wote. Kasia la kulia lilikuwa na nguvu kuliko la kushoto, na nchi kavu ikawa inapita mbele ya macho yao, ikirudi, ikipita tena.

"Mke wangu," Nahodha akauliza kwa upole, "tunavua, au tunachora sifuri?"

Mkewe akaendelea kupiga. Alikuwa anasikiliza. Kasia likitoka majini huacha matone, na matone yana mlio wake, na baada ya muda akaanza kusikia kwamba matone ya kulia yanaanguka haraka kuliko ya kushoto. Akayafuata matone kama alivyokuwa akifuata gurudumu. Kabla msimu haujaisha, boti ilikuwa inapita juu ya maji kama uzi unaopita kwenye sindano.

Nyumbani kwao ni vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji, na mgeni akija hula kwa mkono, kwa sababu vijiko vimekwisha. Nahodha ameviua vyote. Hukata mpini, hutoboa tundu kila upande, hupiga tumbo la kijiko kwa nyundo ndogo mpaka lipate mkunjo anaoutaka, kisha hufunga ndoana nyuma. Mkewe huking'arisha kwa majivu. Vikiwa tayari vinaning'inizwa kwenye waya juu ya dirisha la chumba cha kulala, vyeupe upande mmoja na vya rangi ya shaba upande mwingine: vyeupe kwa maji safi na jua kali, vya shaba kwa siku ambazo mvua imechafua maji. Upepo ukiingia usiku vinagongana. Binti yao alipokuwa mdogo hakuweza kulala kwingine kokote, kwa sababu kwingine kulikuwa kimya mno.

Mbele ya kijiko wanafunga kipande kidogo cha chuma chenye macho mawili yanayozunguka, ili kijiko kikipinduka mshipi usipinduke nacho. Mbele zaidi, mbali kidogo, inakaa risasi ya kuzamisha. Alfajiri samaki huwa juu, na risasi hiyo huwa ndogo kama punje ya mahindi. Jua likipanda, samaki hushuka kutafuta baridi, na Nahodha hubadilisha na kuweka kubwa. Njia yao inafuata ukingo, pale maji ya kina kifupi yanapodondokea kwenye kina kirefu, maana hapo ndipo samaki wawindaji hupita. Ukingo hauonekani. Mama Mwendo huujua kwa vitu vya nchi kavu: tangi la maji la shule likijificha nyuma ya mnara wa simu, yuko juu yake. Wala haendi moja kwa moja. Hupinda kushoto, hupinda kulia, kwa mapana, kwa sababu boti inapopinda kijiko hulegea kidogo na kuzama, kisha huruka tena, na samaki aliyekuwa anakifuata kwa mashaka hapo huacha kufikiri.

Aliye kwenye makasia hukaa akitazama nyuma. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mama Mwendo alichokiona kazini ni mgongo wa mumewe, kofia ya mumewe, na maji. Nahodha alikaa kwenye tezi, mwisho wa boti, naye akitazama nyuma, mshipi umepita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole hicho kilikuwa redio yao. Kijiko kikicheza vizuri, mshipi hutetemeka mtetemo mwepesi usiokatika. Kikishika majani ya ziwani, mtetemo hufa. Kikigusa mawe, hukwaruza. Samaki akigonga, hata mtoto angejua. Nahodha alikuwa akisoma hayo yote na kutangaza kwa neno moja moja. "Ongeza." "Tulia." "Jani." Akisema jani, wanauvuta mshipi, wanasafisha kijiko, wanaanza upya. Na akisema "Huyo!", sheria ya boti ilikuwa moja: makasia yasisimame. Boti ikisimama mshipi hulegea, na mshipi ukilegea samaki hutema ndoana na kwenda kuwasimulia wenzake.

Basi, kulitokea kipindi samaki wakapungua. Wengine walikuwa wanapata. Wao walirudi na ndoo iliyokuwa na maji tu.

Mwanzoni Nahodha alilaumu maji. Kisha akalaumu vijiko, akanunua vipya sokoni, akavipigapiga vyote, navyo vikashindwa. Kisha siku moja, wakiwa katikati ya ziwa, bila kugeuka, alisema:

"Mwendo wako umeharibika."

"Umeharibikaje?"

"Sijui. Umeharibika. Kijiko hakichezi."

"Nimepiga kama ninavyopiga siku zote."

"Ndivyo unavyodhani. Mtu haoni uzee wake mwenyewe, mama watoto."

Maneno ya kwenye boti yangebaki kwenye boti, lakini Nahodha aliyatoa nje. Walipofika ufukoni, muuza barafu, mwanamke mwenye sauti ya kuita feri, alichungulia ndani ya ndoo.

"Nahodha! Leo mmewaachia wakue?"

"Uliza mwenye makasia," Nahodha akajibu, na watu wakageuka. "Mikono imezeeka. Nimeshazungumza na Kifua. Keshokutwa anaanza."

Kifua alikuwa mbeba magunia wa ghalani, kijana wa haki mwenye kifua cha kabati. Mtu alicheka. Mtu mwingine akasema, "Mama Mwendo sasa atakuwa Mama Pumziko." Mama Mwendo aliyaweka makasia begani akapanda zake nyumbani, na hakuna aliyeona uso wake, kwa sababu hakuugeuza.

Hakulilia kazi kwa sababu ya kukosa kazi nyingine. Binti yake alimwambia siku nyingi aje dukani amsaidie kushona vifungo. Lakini nyumbani alikuwa mke wa fulani na mama wa fulani, dukani angekuwa mama yake fundi. Kwenye ule ubao wa katikati ya boti alikuwa mtu ambaye bila yeye kijiko ni kijiko tu. Na lililomuumiza zaidi ni kwamba alianza kuamini. Usiku ule alinyoosha mikono yake juu ya shuka akaitazama. Labda kweli. Bega la kushoto lilikuwa linamuuma asubuhi. Labda matone yalishaanza kuanguka vibaya naye hasikii.

Siku iliyofuata ilikuwa yake ya mwisho kabla ya Kifua. Wakiwa bado karibu na nchi kavu, alisema:

"Kabla hujaachia mshipi, weka kijiko hapa ubavuni nikione."

"Ukione cha nini?"

"Nikione tu. Leo si unanizika? Acha nimwone maiti."

Nahodha akacheka kidogo, akakishusha kijiko cha shaba kando ya boti, karibu kabisa, mahali ambapo macho yanakifuata. Ni jambo ambalo kila anayekokota hulifanya na vijiko vipya, kuona vinachezaje, lakini wao walikuwa wameliacha zamani kwa kujiamini. Mama Mwendo akapiga makasia mwendo wake wa siku zote. Kijiko kikaegemea kushoto, kikaegemea kulia, kikatikisa mkia, kikawa hai. Aliongeza kidogo, kikaanza kuzunguka. Akapunguza, kikalala. Akarudi kwenye mwendo wake, kikafufuka.

"Umekiona?" akauliza.

"Hapa maji yametulia," Nahodha akasema. "Haya, twende."

Mama Mwendo hakubishana. Alikuwa amepata alichokitaka. Kama kijiko kinaishi kwa mwendo huu, basi kinakufa mahali pengine, na kati ya makasia na kijiko palikuwa na kitu kimoja tu.

Walipofika kwenye ukingo, tangi nyuma ya mnara, upepo ulikuwa unatoka ubavuni. Nahodha aligeuka akakaa upande ili usimpige machoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mkewe aliuona mkono wake wa kulia ukiwa kazini.

Alitazama mshipi kwanza. Haukutetemeka. Ulinyooka kama waya wa kuanikia nguo, na mbali kule nyuma, boti ilipopanda kijiwimbi, aliona kitu cha kijani kikijitokeza juu ya maji na kuzama. Jani. Si jani moja, fungu zima. Akangoja asikie neno. Neno halikuja. Akapunguza mwendo kwa makusudi, kitu ambacho zamani kingemfanya mumewe aruke kama amekanyaga kaa la moto. Nahodha alikuwa anapiga mluzi. Akaongeza mpaka boti ikaanza kupiga kelele. Mluzi uliendelea.

Ndipo alipoiona damu. Mshipi ulikuwa umekata kidole taratibu kama msumeno unavyokata ubao, na damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, ikatoka hapo ikadondokea suruali, ikafanya duara jeusi juu ya goti. Nahodha alikuwa anatazama ng'ambo.

"Baba," akamwita. Hakutumia jina la utani.

"Nini tena?"

"Kwenye mshipi kuna jani."

"Hakuna jani. Lingekuwepo ningejua."

"Na hiyo damu, ungeijua?"

Nahodha akatazama chini. Alikitazama kidole chake kama mtu anayeonyeshwa picha na kuulizwa kama anamfahamu huyu. Kisha akakiingiza majini haraka.

"Nimejikata sasa hivi."

"Suruali imelowa mpaka gotini na wewe unapiga mluzi."

Mama Mwendo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mshipi ukiwa nje. Alisimamisha makasia. Boti ikasinzia. Wakatazamana, na kijiko, kwa kuwa hakuna aliyekivuta, kikashuka zake mpaka kwenye mawe, kikajipachika huko.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto."

Nahodha alijaribu kuvuta mshipi. Ulikuwa umenasa. Aliuvuta kwa nguvu, ukakatika, akaanguka kinyumenyume juu ya ndoo. Kijiko cha shaba, kilichokuwa kizuri kuliko vyote, kikabaki chini ya ziwa. Alipoinuka hakukaa tena kwenye tezi. Alikaa pale pale chini, kwenye maji machafu ya boti.

"Vilianza vidole vya miguu," akasema. "Kandambili inatoka, sina habari, mpaka mtu aniite nyuma. Nikadhani itapita. Halafu mikono. Ni kama nimevaa glovu. Nashika kikombe kwa macho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kazi yangu humu ndani ni kidole. Kidole kikiondoka nabaki nani? Ndoo?"

"Ndoo ina kazi," mkewe akasema.

Angeweza kuishia hapo, kwa sababu Nahodha alitabasamu, na kwao kutabasamu kulikuwa kumemaliza magomvi mengi. Lakini hakuishia.

"Kwa hiyo ukaona afadhali ndoo niwe mimi."

Nahodha akaanza kukamua suruali yake.

"Nimekesha nikitazama mikono yangu. Unajua? Nimeitazama kama ya mtu mwizi."

"Nilidhani Kifua akija na samaki wasipatikane, nitasema basi, ziwa limekwisha, tutafute kazi nyingine wote."

"Na mimi ningekuwa nimeshakaa nyumbani na jina la mzee."

Upepo ulikuwa unawasukuma polepole kuelekea kwenye matete. Akashika makasia tena, kuizuia boti tu.

"Sikiliza," akasema. "Tutafunga ufito ubavuni mwa boti, mshipi upite kwenye ncha yake. Ncha ikitetemeka, kijiko kinacheza. Ikinyamaza, jani. Ikiinama, samaki. Utasoma kwa macho."

"Huo ni uvuvi wa watu wa Jumapili. Wenye viti vya kukunja na kofia za maua."

"Kofia nitakutafutia. Na kesho Kifua atakuja. Utamwambia kwa nini hahitajiki."

"Nitamwambia tumeghairi."

"Utamwambia kwa nini. Na pale pale, wale wale wakiwepo. Ulinivua mbele ya watu. Unirudishe mbele ya watu."

"Mama watoto..."

"Sitaki pole. Nataka kiti changu."

Mchana alimpeleka zahanati, akakaa naye kwenye benchi ili asije akatoroka. Muuguzi alimpima, akasema sukari iko juu sana na ndiyo inayotia vidole ganzi, akamfunga kidole, akampa tarehe ya kurudi kumwona daktari, na akamkataza kutembea peku. Jioni walimpitia binti yao dukani. Binti alisikiliza yote bila kuinua mguu kwenye pedali ya cherehani, kisha akasema, "Baba, wewe una akili kweli?" Hakungoja jibu. Alikata kipande cha kitambaa chekundu akampa mama yake akifunge kwenye ncha ya ufito, kionekane hata jua likiwa kali. Ufito wenyewe ulikuwa wa mwanzi mwembamba, nao wakauchomeka kwenye kipande cha bomba alichokipigilia Mama Mwendo ubavuni mwa boti kwa mkono wake.

Asubuhi Kifua alikuwa amekwishafika. Alikaa juu ya kreti na chakula chake kwenye mfuko, amevua shati tayari, ili watu waone nguvu zinazoanza kazi leo. Muuza barafu alikuwa anapasua bonge kwa nyundo. Wenye nyavu walikuwa wanakung'uta nyavu zao. Mama Mwendo alishuka na makasia, akafika karibu na boti, akayalaza mchangani. Kisha akasimama.

"Kifua," Nahodha akaanza, akiwa anaangalia maji, "leo upepo si mzuri. Njoo siku nyingine."

Kifua akatazama ziwa. Lilikuwa kama kioo.

"Upepo gani, mzee?"

"Kwa kweli tumeelewana nyumbani. Mama atapiga makasia."

"Mmeelewana nini?" muuza barafu akadakia, nyundo hewani. "Si ulituambia hapa hapa mikono imezeeka? Imerudi ujana jana usiku?"

Kicheko kikaenda mpaka kwa wenye nyavu. Nahodha akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa ametulia, mikono imekunjwa kifuani, makasia miguuni, na ilionekana wazi kwamba anaweza kusimama hivyo mpaka jua lizame na boti haitaingia majini. Nahodha akasogea mbele. Akainua kidole kilichofungwa bandeji.

"Mikono yake haina kosa," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mikono yake haina kosa. Ni mimi. Hiki kidole kimekufa. Sijasikia mshipi siku nyingi. Tulikuwa tunakokota majani, mimi nikamsingizia yeye."

Muuza barafu alishusha nyundo bila kupasua kitu. Kifua akasogea, akakitazama kidole, akauliza kwa heshima:

"Kimekufa kabisa, mzee? Nikiminya hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapo nasikia kidogo."

"Na hapa?"

"Hicho ni kidole kingine, Kifua, niache!"

Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine, na mzee mmoja mwenye nyavu akasema kwamba miguu yake pia imekuwa hivyo, akauliza zahanati ni siku gani. Muuza barafu akamgeukia Mama Mwendo.

"Haya, dada, ameshasema. Mpe pole mumeo."

"Pole nilimpa jana nyumbani. Hapa nimekuja kuchukua kiti." Akainama, akayaokota makasia. "Baba, shika boti nipande."

Nahodha akaingia majini na viatu vyake, kama alivyoagizwa na muuguzi, akaishika boti kwa mikono miwili mpaka mkewe alipokaa kwenye ubao wa katikati na kuyapachika makasia mahali pake. Kifua, kwa kuwa alikuwa tayari hana shati, akawasukuma.

Kwenye ukingo wakaachia kijiko cheupe. Mama Mwendo akaingia kwenye mwendo wake, na kile kitambaa chekundu kwenye ncha ya ufito kikaanza kutetemeka, mtetemo mwepesi usiokatika. Nahodha alikikodolea macho kama mtu anayesoma barua ya serikali. Kikanyamaza. "Jani," akasema, na kweli walipouvuta mshipi lilikuwa jani. Wakalitoa. Walipopinda kwa mapana kuelekea kulia, ufito ukainama mpaka ukagusa maji, na Nahodha akapiga kelele ambayo haikuwa neno lolote. Makasia hayakusimama. Akauvuta mshipi kwa viganja vyote viwili, samaki akapanda, mkubwa, akagonga mbao za boti kwa mkia mpaka kopo likaruka.

Wa pili walimpoteza. Ufito uliinama, ukainuka, na Nahodha wakati huo alikuwa anamtazama samaki wa kwanza.

"Ufito!" mkewe akasema.

"Nimeuona."

"Umeuona ulipokwisha kuinuka."

"Kwani wewe unapiga makasia au unavua?"

"Mimi natazama upande ule ule unaotazama wewe. Tofauti ni kwamba mimi natazama."

"Sasa utanisema mpaka jioni?"

"Mpaka jioni. Risasi ndogo hiyo, jua limepanda. Badilisha."

Nahodha akauvuta mshipi, akaanza kufungua risasi kwa vidole ambavyo vilimlazimu kuvitazama, polepole, akinung'unika. Mama Mwendo aliirudisha boti juu ya ukingo, akawa anaishikilia pale kwa mapigo mafupi, akimngoja amalize fundo.